Diski ya Lumbesa

Kichwa cha marehemu Clemens kilikatika vipande vipande mbele ya ukoo wake, na wanaume wakacheka.

Walikuwa wanane, wamebanana kwenye viti na benchi sebuleni kwa mjane wake, Zita, huko Kasense, makoti yamefungwa hadi shingoni kwa baridi ya Julai. Runinga ilikuwa juu ya meza ya chakula, deki pembeni yake. Diski iliyokuwa ikizunguka ilikuwa ya jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa ya Zita na Clemens, iliyofanyika mwaka jana baada ya mavuno. Clemens alifariki Februari. Sasa mdogo wake, Adriano, alidai kwamba shamba la bondeni, ekari nne za udongo mweusi kando ya kijito, lilikuwa la ukoo, na kwamba kaka yake alikuwa ameazimwa tu.

Zita alisema siku ya jubilei mumewe alimpa shamba lile mbele ya watu wote. Alimpa kwa jembe. Katika ukoo wao mwenye mali hakabidhi jembe moja kwa moja. Hulipitisha kwenye mkono wa ndugu yake wa damu, na ndugu akishalipokea na kulifikisha, amekubali na hana neno tena. Aliyelipokea siku ile alikuwa Adriano. Adriano alisema hapana, alikuwa Beda, kaka yao mkubwa, na Beda naye alizikwa wiki ya Pasaka. Wengine walipoulizwa walisema watu walikuwa wengi, vumbi lilikuwa jingi, pombe ilikuwa imeshazunguka, hawakumbuki. Vijana waliokuwa wanapiga picha kwa simu walikuwa wa nyumbani kwa Adriano, na simu zao zote, kwa maelezo yao, ama ziliibiwa ama zilitumbukia chooni.

"Basi tuangalie diski," Zita alikuwa amesema. "Diski haikunywa pombe."

Wakaangalia. Katika runinga ilikuwa jioni, watu wanacheza, vumbi limetimka, akina mama wanarusha konzi za ulezi hewani. Hapo ndipo picha ilipoharibika. Kila punje na kila mkono uliopunga uligeuka mraba. Mtu aliyevaa kitu cha buluu, labda koti, alinyoosha kitu kirefu, labda jembe, kumpa mtu mwingine ambaye uso wake ulikuwa miraba sita ya rangi ya udongo. Juu ya yote hayo kwaya iliimba kwa nguvu na kufunika kila neno lililosemwa.

"Rudisha," Zita alimwambia binti yake.

Winifrida alirudisha. Alirudisha mara tatu. Mara ya tatu Mzee Evaristi, mkuu wa ukoo, alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti.

"Hebu nisaidieni," alisema. "Huyu ni mtu au ni ukuta wa matofali?"

"Matofali ya kuchoma hayo, mzee," mmoja akajibu. "Angalia rangi."

Ndipo walipocheka. Adriano hakucheka kwa sauti. Alikuwa dalali wa mahindi, na miaka mingi ya kununua kwa wakulima ilikuwa imemfundisha kuongea taratibu.

"Shemeji, sitaki kukuvunjia heshima nyumbani kwako," alisema. "Lakini shahidi wako ni tofali. Tofali linaapaje?"

Wakacheka tena. Kisha akageuka kumtazama Winifrida aliyekuwa amesimama na rimoti mkononi. "Na kazi hii si ya huyu mwanangu? Si ndiye fundi pale studio? Mimi nikajua mtoto wa nyumbani atatutengenezea kitu cha maana."

Winifrida alitazama rimoti. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha chuo, na ugonjwa wa kukosa sauti pale watu wazima wanapomtazama wote kwa pamoja.

"Tusichoshane," Mzee Evaristi akasema. "Jumamosi ijayo tunamaliza. Kama kuna picha inayoonekana, iletwe. Na msiniletee ya kwenye simu, ya simu watu wanaichezea. Diski ni diski. Kama haipo, Adriano aingie shambani."

"Jumatatu inayofuata nina ng'ombe wa kulimia," Adriano akasema. "Nimeshapatana na mtu."

Akamalizia chai yake, akaweka kikombe chini ya kiti.

*

Jikoni, Zita aliosha vikombe kwa hasira hadi kimoja kikamponyoka na kuvunjika.

"Viwili viwili," alisema. "Kila mmoja amekunywa vikombe viwili vya chai yangu, na maziwa, na hakuna anayekumbuka. Evaristi alikaa meza ya mbele. Nilimpa paja la kuku kwa mkono wangu."

Shangazi Silvana, dada yake Clemens, alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Ndiye aliyefuata baada ya Clemens, na alimbeba Adriano mgongoni alipokuwa mdogo.

"Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye lile jembe," alisema. "Ulezi uliomwingia Adriano machoni niliurusha mimi. Alinitukana. Umesikia mtu akiniuliza?"

"Wewe ni mwanamke. Utakumbuka nini?"

"Ndiyo hivyo. Nikumbuke chumvi."

Winifrida alikuwa ameinama anaokota vipande vya kikombe. Zita alimtazama mgongo wake mwembamba, akajaribu kulainisha sauti, ikakataa.

"Hiyo mashine yenu inakula sura za watu?"

"Picha haikupigwa vibaya, mama. Iliharibikia kwenye diski." Aliongea akitazama sakafu. "Diski ina nafasi yake, haiongezeki. Ukiweka saa mbili, kila sekunde inapata chakula cha kutosha, sura zinakaa vizuri. Sisi tuliweka saa tano. Kompyuta ikikosa nafasi inaanza kutupa vitu. Inatupa vidogo kwanza, nywele, macho, mikunjo ya nguo. Penye watu wametulia huwezi kuona sana. Penye watu wanacheza, na vumbi, na ulezi unaruka, kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja, inazidiwa. Basi inachukua kipande kizima cha picha inakipaka rangi moja. Ndiyo yale matofali."

Zita aliweka chini kikombe alichokuwa anaosha.

"Gunia la kilo mia," akasema polepole, "wamelishindilia, wakalishonea kilemba juu."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ni lumbesa. Wamempakia baba yako lumbesa."

Winifrida alivikusanya vipande kwenye kiganja. Alikumbuka siku Clemens alipokuja studio kuchukua diski. Ukutani mwa studio palikuwa na maandishi makubwa mekundu: NDOA MOJA, DISKI MOJA. Yalikuwa maneno ya Basil, mwenye studio, na mji mzima uliyapenda. Watu wa Sumbawanga walishaamini kwamba ukigawa harusi kwenye diski mbili umeigawa ndoa yenyewe. Winifrida alikuwa amemwambia baba yake kwa sauti ndogo, "Baba, zingekuwa mbili au tatu ingependeza zaidi." Clemens alicheka hadi kofia ikasogea. "Diski mbili? Ndoa ya diski mbili ni ndoa ya wake wawili. Mama yako ataniua." Na yeye, fundi mwenye cheti, alikuwa amecheka pia, akamfungia baba yake diski ile kwenye bahasha.

"Picha zenyewe bado zipo?" Zita akauliza.

"Kaka Basil ana kisanduku cha kompyuta anachohifadhia picha za zamani. Kama hajafuta."

"Basi Jumatatu uende ukamwombe."

"Atakataa, mama."

"Muombe hadi aone aibu ya kukataa."

"Basil haoni aibu," alisema Silvana bila kuinua macho. "Alinipiga picha ya kipaimara cha mwanangu akanikata kichwa, halafu akaniambia ndiyo mtindo."

*

Jumatatu asubuhi Basil alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo, anakula chapati. Hakungoja salamu.

"Nasikia mimi nauza matofali," alisema.

"Shikamoo, kaka Basil."

"Jana kanisani watu wawili wameniuliza. Mmoja ana harusi Septemba, ameshatoa kianzio. Ananiuliza, bosi, nasikia kwako maiti anavunjika kichwa. Unajua hiyo inaniharibia kiasi gani?"

Winifrida alieleza alichokuja kuomba: picha za asili za jubilei na kompyuta kwa asubuhi moja. Diski tupu alikuwa amenunua mwenyewe. Alieleza kuhusu kikao, kuhusu Jumamosi, kuhusu ng'ombe wa Jumatatu inayofuata. Basil alisikiliza huku akifuta mafuta vidoleni kimoja kimoja.

"Kisanduku kipo," alisema. "Za mwaka jana sijafuta. Lakini nikikupa, nimekubali kwamba ya kwanza ilikuwa mbovu. Si ndiyo?"

"Ilikuwa mbovu, kaka. Nilikuambia saa tano haziingii. Nilikuambia tutoe zile kopa na nyota zinazoruka, zinakula nafasi bure. Ukasema watu hawaangalii sura, wanaangalia nani alivaa nini."

"Uliniambia. Uliandika wapi?"

Hakuwa ameandika popote. Basil alivuta karatasi kwenye mashine ya kuchapishia, akaisukuma juu ya kioo pamoja na kalamu.

"Basi leo andika. Mimi nasema, wewe unaandika. Mimi Winifrida Clemens nakiri kwamba diski ya jubilei ya wazazi wangu iliharibika kwa uzembe wangu mwenyewe, si kwa ubovu wa studio. Jina, sahihi, namba ya simu."

"Namba ya simu ya nini?"

"Mtu akitaka kuhakikisha."

Aliandika. Hakusita hata neno moja, na hilo lilimuudhi kuliko maneno yenyewe. Aliona jinsi alivyozoea. Basil alisoma, akarekebisha herufi moja, akakata gundi kwa meno na kuibandika karatasi ndani ya kioo cha kaunta, ikitazama nje, kati ya bei za picha za pasipoti na picha ya bwana harusi asiyejulikana.

"Alhamisi," alisema. "Saa mbili mpaka saa sita. Na umeme unaotumia ni wangu, ukumbuke."

Siku mbili zilizofuata Winifrida alihudumia wateja akiwa amesimama nyuma ya karatasi ile. Walikuja kutoa nakala za vyeti, wakasoma, wakamtazama, wakasoma tena. Mama mmoja kutoka Namanyere aliyekuja kwa picha za mirathi alimuuliza kwa upole kama leo yeye ndiye atakayempiga au kuna mwingine.

*

Alhamisi Basil alikaa nyuma yake muda wote, anachezea funguo.

Winifrida alifungua picha za asili. Zilikuwa kama alivyozikumbuka. Ulezi ulionekana punje kwa punje. Hakutaka saa tano. Alikata sehemu ya jembe, dakika ishirini na mbili, tangu ndugu wa ukoo walipojipanga mstari hadi watu waliporudi kwenye vyakula. Kisha alianza kuondoa kila kilichokula nafasi bila faida. Zilitoka kopa. Zikatoka nyota. Ikatoka picha ya maua iliyokuwa inazunguka kila baada ya dakika moja.

"Umeivua nguo," Basil akasema.

"Nimeivua mapambo."

Kwenye jioni ile kamera ilikuwa imeweka chengachenga kwenye kivuli, vumbi la picha ambalo halikuwa vumbi la Kasense. Alilisafisha kidogo, kidogo tu, maana ukisafisha sana uso unakuwa kama mshumaa. Chengachenga zikibaki, kompyuta inazihesabu kama vitu vya maana na kuzilisha. Zikipungua, chakula kinakwenda kwenye macho na midomo. Akaiagiza mashine ipite mara mbili: mara ya kwanza iangalie tu, ijue wapi watu wametulia na wapi wanarukaruka, mara ya pili ndiyo ipakie, ikipunguza penye utulivu na kuongeza penye fujo. Basil alikuwa akikataa kila mara jambo hilo kwa sababu linachukua muda mara mbili.

Mwisho alipanga mzigo wa kila sekunde. Dakika ishirini na mbili kwenye diski nzima. Angeweza kujaza hadi mdomoni. Hakujaza. Deki za zamani zikilishwa kupita kiasi zinagandaganda, na ile ya nyumbani ilikuwa ya zamani.

"Weka na kwaya," Basil akasema. "Bila kwaya itakuwa kavu."

"Hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hapana. Wote wawili walishtuka kidogo. Winifrida alivaa spika za masikioni, akasikiliza sauti ya kamera yenyewe: vigelegele, mbwa, mtoto anayelia, halafu baba yake akikohoa kabla ya kusema, kama alivyokohoa kila alipotaka kusema jambo la maana. Alivua spika haraka, akageuza uso kwenye ukuta. Aliporudi kwenye kompyuta macho yake yalikuwa mekundu na Basil alikuwa ameacha kuchezea funguo.

"Choma," alisema Basil. "Saa sita inakaribia."

*

Jumamosi walikuja wote wanane. Wanawake walikuwa jikoni, ugali wa ulezi uko motoni. Mzee Evaristi alifungua kwa sala fupi, akamuuliza Zita kama ana kitu.

"Ninacho," Zita akasema.

Winifrida alikuwa hajafika kwenye deki. Adriano aliinua mkono.

"Kabla hatujaangalia," alisema, na akatoa simu. "Mzee, ulikataza picha za simu, lakini hii ni karatasi, imebandikwa kule mjini kila mtu anaiona. Naomba nisome." Akasoma barua yote taratibu hadi kwenye namba ya simu. "Sasa mimi nauliza swali la mtu asiyesoma. Huyu mwanangu ameandika kwa mkono wake kwamba ya kwanza aliiharibu mwenyewe. Wiki haijaisha, analeta ya pili, na hii ya pili inamfaa mama yake. Fundi anayejua kuharibu anashindwaje kubuni?"

Palikuwa na kunong'ona. Mzee Evaristi aligeuka kwa Winifrida.

"Uliandika?"

"Niliandika, babu."

"Basi jambo limekuwa gumu."

Zita alifungua mdomo. Winifrida akamgusa mkono. Alisogea mbele ya runinga, akasimama na diski mbili kifuani kama mtoto anayesubiri kupokelewa daftari.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema.

"Marahaba. Hatukusikii."

Alikohoa. Baadhi ya wanaume waliinua vichwa. Walikuwa wanakijua kikohozi kile.

"Niliandika kwa sababu bila kuandika nisingepewa picha. Kosa ninalo. Nilijua saa tano haziingii kwenye diski moja na nikachoma. Naomba msamaha kwa hilo. Lakini sikuweka sura ya mtu wala sikutoa." Sauti ilianza kupotea, akaifuata. "Gunia la kilo mia mnalijua. Mnunuzi akitaka lumbesa, anashindilia, anasimama juu yake, anashona kilemba, na bado anasema ni gunia moja. Diski ile ilikuwa lumbesa. Gunia likipasuka kwenye lumbesa, mahindi hayageuki kuwa maharage. Ni yaleyale, yamemwagika tu. Mimi nimepunguza, nimefunga upya. Baba mdogo Adriano anajua lumbesa kuliko mimi, mnaweza kumuuliza."

Kicheko kilitoka kwenye benchi ya nyuma, kikazimwa. Kati ya wanane wale, sita walikuwa wameshamuuzia Adriano mahindi.

"Naomba tuanze na ile ya zamani," Winifrida akaendelea. "Kisha hii. Mlinganishe wenyewe. Kama kuna mtu amehama mahali pake, nifukuzeni."

Akaweka ya zamani. Matofali yalipita, koti la buluu, kitu kirefu, kwaya. Hakuna aliyecheka safari hii. Aliisimamisha pale mtu wa miraba sita alipopokea kitu kile. Kushoto kwake palikuwa na doa jekundu, kulia nguzo ya turubai, mbele yake bakuli jeupe chini. "Kumbukeni doa, nguzo, bakuli," alisema. Akatoa diski, akaweka mpya.

Deki ilikoroma kidogo, ikashika.

Ulezi ulikuwa unaanguka kama mvua nyembamba. Bakuli lilikuwa bakuli. Doa jekundu lilikuwa kitenge cha Shangazi Silvana, mdomo wazi, anapiga vigelegele. Kwenye nguzo alikuwa ameegemea Beda, marehemu, mikono yote miwili imeshika kibuyu cha pombe. Na katikati, amevaa koti la kahawia alilokuwa amelivaa hata leo, alisimama Adriano, anapepesa jicho lenye ulezi, mpini wa jembe kiganjani.

Adriano alivua koti taratibu, kana kwamba chumba kimepata joto, akaliweka magotini.

"Simamisha," Zita akasema. Alisimama, akaenda karibu kabisa na runinga, akaweka kidole kwenye kioo. Hakuweka kwa Adriano. Aliweka nyuma yake, kwenye mstari wa watu waliokuwa wanapiga makofi. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Mzee, huyu mwenye miwani ni nani?"

Mzee Evaristi alijikunakuna shavu.

"Nauliza kwa heshima. Huyu, anayepiga makofi, ana paja la kuku kwenye sahani magotini. Ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mzee Evaristi.

"Asante. Na huyu pembeni yako?"

Mtu wa kwenye benchi, yule wa matofali ya kuchoma, alitazama dari. Zita alingoja. Kidole hakikutoka kwenye kioo.

"Ni mimi, mama Wini."

"Na huyu?"

"Mimi."

Alikwenda nao hivyo, mmoja mmoja, sauti yake ya chini kama anagawa chakula. Saba kati ya wanane walikuwemo. Wa nane alikuwa mlangoni mwa turubai, anaonekana nusu, na Zita hakumuacha. Alimuuliza kama ile nusu ni yake. Akasema ni yake. Walijibu bila kutazamana. Ilipofika kwa mwenye jembe, Zita hakuuliza. Alimgeukia tu.

"Ni mimi," Adriano alisema. "Lakini nilishika jembe, shemeji. Sikushika shamba. Maneno aliyosema kaka siku ile hakuna anayeyajua."

"Endelea," Zita alimwambia binti yake.

Winifrida alibonyeza. Clemens, koti la buluu mwilini, kofia imekaa upande, alikohoa. Mbwa alibweka. Kisha sauti yake ikajaa sebuleni mwake mwenyewe, bila kwaya, na Zita, aliyekuwa amesimama kwa hasira tangu asubuhi, ilibidi ashike meza.

"Adriano, mdogo wangu, pokea jembe hili umpe shemeji yako. Shamba la bondeni, kuanzia kijito mpaka kwenye jiwe la Beda, ni la Zita. Nikifa leo, nikifa kesho, asiulizwe. Amelima yeye, mimi nilikuwa nasema tu." Watu kwenye runinga wakacheka. "Umesikia?"

Na Adriano wa mwaka jana, akifuta jicho, akajibu, "Nimesikia, kaka. Nani atamuuliza?"

Picha iliendelea, vigelegele, ulezi, jembe likifika mkononi mwa Zita. Mzee Evaristi alichukua fimbo yake iliyokuwa imelala chini.

"Basi," alisema. "Limeonekana. Shamba ni la Zita, ng'ombe wasiingie. Tumshukuru Mungu, tule, kila mtu aende kwake."

Wanaume walianza kujiinua, haraka kuliko walivyokaa.

"Bado," Zita akasema, wakaketi tena.

Akaenda kwenye mlango wa uani akaufungua wote, baridi ikaingia na moshi wa kuni.

"Silvana," aliita. "Njooni. Wote."

Wakaingia, kumi au zaidi, wengine na unga mikononi, mmoja ameshika mwiko. Wakaujaza mlango na ukuta wote wa nyuma. Viti havikuwepo. Silvana alimtazama mdogo wake aliyeketi kwenye kiti chenye mto, akaendelea kumtazama, hadi Adriano akasimama. Mzee Evaristi naye akasimama. Kisha benchi nzima.

"Hawa nao walikuwepo siku ile," Zita alisema. "Ninyi mmeshajitaja sasa hivi. Lakini wao hawajaulizwa."

Adriano alijipenyeza kuelekea mlangoni, koti mkononi. Mlango ulikuwa umejaa wanawake na hakuna aliyesogea.

"Ngoja, shemeji," Zita akasema. "Chai inakuja."

Kisha akamgeukia binti yake.

"Rudisha mwanzo. Na ongeza sauti."